Leni Tatu Kati ya Baba na Mama

Nyumba yetu iko upande wa juu wa barabara kuu inayotoka Embu kwenda Meru, na msikiti uko upande wa chini. Soko liko upande wetu, na bucha yangu imejibana ubavuni mwa soko. Baba alijenga hapa zamani, wakati gari likipita watoto walitoka nje kulitazama, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja atatakiwa kuchagua upande. Mtu akinunua kiwanja huuliza maji, huuliza mpaka, huuliza kama kuna kesi. Barabara haiulizwi. Imelala tu pale, nani ataishuku?

Tangu nipate akili nimemwona baba akivuka. Mara tano kwenda, mara tano kurudi. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili kwa sababu nililelewa na soko la Gakoromone. Nilipelekwa kule Meru nikiwa kijana kuuza vitunguu vya mjomba, na katika soko lile ukihesabu mara moja umetoa sadaka bila kupata thawabu.

Bucha ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Alipoiacha alibaki na kazi moja tu, ambayo wateja wake hawabishani: kuosha maiti. Waislamu wa hapa sisi ni wachache, tumechanganyika, babu huyu alitoka pwani na msafara, yule alikuwa askari kutoka kaskazini, wa tatu hajulikani alitoka wapi na hakupenda kuulizwa. Kwa hivyo watu wetu wenyewe wanaokufa si wengi. Lakini barabara ilikuwa ikituongezea. Dereva wa Isiolo akitaka kupita lori kwenye kona na akutane na basi uso kwa uso, jamaa zake wakiwa mbali, baba ndiye aliyeitwa. Hakusimulia alichokiona. Alirudi, akanywa chai bila sukari, na siku hiyo hakutaka nyama. Mama alijua kwa ile chai.

Mama ni mtu wa Kanja. Alizaliwa katika nyumba ya Wakristo wa mlimani, wenye kahawa kidogo na ng'ombe mmoja anayeheshimiwa kuliko watoto, akamfuata baba huku kwenye lami. Mpaka leo akikasirika huongea Kiembu. Baba huelewa kila neno na kujibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo wameishi, kila mtu katika lugha yake na wote katika sufuria moja.

Basi ikaja habari kwamba barabara itapanuliwa. Kwanza walikuja vijana wenye vigingi vyekundu, na watu wakaamka alfajiri kusogeza vigingi kutoka kwao kwenda kwa jirani. Kisha tukaitwa mkutanoni.

Mkutano ulifanywa katika ukumbi wa kanisa, maana ndilo paa pekee kubwa kituoni. Ilikuwa ile miezi ya baridi ambapo ukungu hushuka mlimani na kukaa sokoni kama mgeni asiye na nauli. Injinia alikuwa mwanamume mpole, mwenye buti chafu kuliko zetu, jambo ambalo lilinifanya nimwamini kidogo. Alikuwa amebandika michoro mitatu ukutani. Alisema serikali inataka kusikia maoni yetu kabla ya kuamua. Nilimtazama machoni kama nimtazamavyo mwenye mbuzi, nikashindwa kujua kama uamuzi bado uko sokoni au umeshafika nyumbani.

Mchoro wa kwanza uliacha leni mbili kama zilivyo, moja ya kupanda kwenda Meru na moja ya kushuka, lakini ukaongeza ukingo mpana wa lami kila upande kwa watu wa miguu na mikokoteni, na matuta mbele ya soko. Wa pili ulikuwa na leni tatu. Ile ya katikati wangepewa wanaopanda kwa kilomita kadhaa, kisha igeuzwe wapewe wanaoshuka, kisha tena wanaopanda, kwa zamu, ili mwenye haraka apite lori bila kuingia upande wa anayekuja. Wa tatu ulikuwa na leni nne, mbili kwenda na mbili kurudi, na katikati yake ukuta wa saruji wa kufika kifuani, na daraja la watu la kupanda kwa ngazi.

Injinia hakutuficha kitu. Alisema wa kwanza ni rafiki wa anayeishi hapa na adui wa anayepita. Wa tatu, yaani ule wa leni nne, ni salama kuliko yote kwa magari, lakini utakula ardhi, na nusu ya soko itaenda. Ule wa leni tatu uko katikati: utapunguza ile michezo ya kupitana kwenye kona, na utakaa ndani ya ardhi iliyopo. Kwa kituo chetu, alisema, leni ya ziada itakuwa upande wa wanaopanda, mbele ya soko kabisa.

Hapo soko likaamka.

Ni lazima nieleze maisha yetu ndipo uelewe kosa letu. Kila siku mabasi na malori yalikuwa yakisimama kwenye vumbi kando ya lami, abiria wakichungulia dirishani, na kina mama wakiinua ndizi, nduma na maparachichi hadi kwenye vioo. Kila mara askari wa barabara walikuja kuwafukuza wenye magari kwa sababu ya kusimama vibaya. Shida ya soko, kwa macho ya soko, ilikuwa nafasi ya kusimama. Sasa mtu ametoka Nairobi na buti chafu anasema atawaongezea upana wa gari zima mbele ya meza zao. Walifikiri nini? Walifikiri Mungu ameona.

Injinia alisema wazi kwamba katika leni ile hakuna gari litakaloruhusiwa kusimama, ni ya kupitana tu, tena kwa kasi. Mwenyekiti wa soko, mama mnene muuza nduma ambaye tulianza naye biashara mwaka mmoja, akacheka hadi shingo ikatikisika. Akamnong'onezea jirani yake, kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia, kwamba mwenye mbuzi akikwambia mbuzi huyu ni mgonjwa, jua amemwekea shemeji yake. Watu wakacheka naye. Kuanzia pale kila ubaya injinia alioutaja uliifanya leni ipande thamani. Nilimhurumia. Hakujua kwamba mbele ya watu wangu hutakiwi kukishusha kitu usichotaka kiuzwe.

Tulipewa wiki moja ya kufikiri. Nyumbani tulifikiri kwa kelele.

Mimi nilitaka ule wa kwanza, wa matuta. Gari likipanda tuta hupunguza mwendo, mtu akipunguza mwendo huona nyama imening'inia, na mzee naye hupata nafasi ya kuvuka. Sikuona la kujadili. Lakini baba, akiwa kwenye mkeka wake na mguu mmoja umenyooshwa kwa sababu ya goti, akasema yeye atainua mkono kwa ukuta.

"Ukuta?" nikamuuliza. "Na utavukaje?"

"Si wamesema kuna daraja."

Mama akasema kwa Kiembu kwamba mtu anayeomba kushikwa mkono ili ainuke kwenye mkeka sasa anataka kupanda ghorofa.

Baba hakucheka. Alikunja ule mguu polepole, akaunyoosha mwingine. "Mimi nikishindwa kuvuka nitaswali hapa nyumbani," akasema. "Wale ninaowaosha hawana nyumba ya kuswalia."

Nilimwambia kwamba hata ukuta ukijengwa hautawazuia watu kufa, watakufa kwa njia nyingine. Akasema hilo analijua, lakini zile njia nyingine ni rahisi zaidi kuosha. Mama akainuka akaenda jikoni. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu baba alipozungumza kuhusu kazi ile, na hata kwa maneno machache hivyo nilitamani angeendelea kunyamaza.

Siku ya kuinua mikono, mikono ya ukuta ilikuwa ya baba, ya mwalimu mmoja aliyestaafu, na ya mama mmoja wa upande wa chini ambaye hakuna aliyehitaji kumuuliza sababu. Mikono ya matuta ilikuwa yangu, ya watu wa bodaboda na ya wazee kadhaa. Kisha ikaja mikono ya leni tatu, na ukumbi ukawa kama shamba la mahindi. Niliihesabu mara mbili ili usiku nipate usingizi. Hata ungeunganisha ukuta na matuta, na ukamkopesha kila mmoja wetu mkono wa pili, soko lingeshinda. Baba alitoka nje akivuta mguu. Hakunilaumu, nami sikumlaumu, na tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kuzika mtu wasiyemfahamu sana.

Lakini mimi sijawahi kuondoka sokoni kwa bei ya kwanza. Injinia alikuwa akila mchana katika bucha yangu, nyama ya kuchoma na kachumbari, na mtu aliye na nyama mbele yake haendi popote hadi imalizike. Nilimwachia ale nusu. Kisha nikamuuliza: hii leni ya katikati, si alisema inabadilisha zamu? Ikiwa inabadilisha, basi kuna mahali haiko ya huyu wala ya yule. Mahali hapo panakuwaje?

Akaacha kutafuna. Akanieleza kwamba pale barabara hurudi kuwa leni mbili tu kwa kipande kifupi, na katikati huwekwa kisiwa cha saruji ili wa huku wasikutane na wa kule.

"Na mtu anaweza kusimama kwenye hicho kisiwa?"

"Anaweza. Hapo ndipo pazuri pa kuvukia. Unavuka leni moja, unapumzika, unavuka ya pili."

"Basi mbadilishie zamu hapa kwetu."

Akasema kwamba kwa kweli hata yeye alikuwa amelifikiria jambo hilo, kwa sababu ya msikiti na shule iliyo chini yake, ila soko lilionekana kuipenda sana ile leni. Leni ingeanza mbele kidogo, ukishapita kituo chetu, kuelekea kituo cha juu, kile kinachofuata kwenye njia ya Meru. Nikamwambia soko likiona barabara ni nyembamba na magari yanapunguza mwendo, litashukuru bila kujua linashukuru nini. Nikamwongezea mbavu mbili. Mbavu hizo sikuzihesabu.

Vigingi vilisogezwa. Siku vilipowekwa nilimwita baba aje aone. Alisimama ukingoni, kofia mkononi, akavitazama vigingi vya kisiwa kama mtu anayepima mlango wa nyumba yake mpya. Aliniuliza kama hicho kitu kitakuwa kipana kiasi cha mtu kusimama na fimbo. Nikasema ndiyo, na fimbo. Akaitikia kwa kichwa. Jioni ile alikunywa chai yenye sukari, na mama akaniwekea mimi kipande kikubwa cha mukimo bila kusema kwa nini.

Furaha hiyo haikukaa. Watu wa kituo cha juu walipoona vigingi vya leni ya ziada vinaanzia kwao, walianza kutamba. Wakija kwetu siku ya soko walisema sasa wateja wote watasimama kwao, sisi tutabaki kupungia magari mkono. Maneno hayo hayakuhitaji siku mbili. Asubuhi moja mwenyekiti wa soko alikuja buchani na kina mama wanne nyuma yake. Alikataa kiti.

"Wa bucha," akasema, "umeuza leni yetu."

"Leni haiuzwi, mama. Ningekuwa nimeiuza ungeniona na gari."

"Kwa nini inaanzia kwa watu wa juu? Sisi hatuna haki ya leni?"

Nikaanza upya kumweleza: hakuna gari litakalosimama pale, ni ya kukimbia, upepo wake peke yake utabeba mwavuli wako. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza:

"Kama haina faida, mbona unaizuia?"

Nilichukua kisu nikakiweka chini. Nikamwambia ukweli, jambo ambalo huwa nalifanya mwisho baada ya mengine yote kushindwa. Nikasema ni kwa ajili ya mzee. Avuke kwenda msikitini na kurudi nyumbani, na hicho kisiwa ndicho tumaini lake, hana lingine.

Kina mama wakatazama chini. Wote wanamheshimu baba. Mwenyekiti mwenyewe, mumewe alipougua, baba ndiye aliyekuwa akimpelekea supu kila Jumamosi. Aliushika mgongo wa kile kiti alichokikataa, nikadhani nimepata.

"Mzee ni wetu sote," akasema. "Lakini mzee ni mmoja. Hapa sokoni uhesabu ni watoto wangapi wanasomeshwa."

Aliondoka taratibu, bila hasira. Hesabu yake ilikuwa sawa. Niliirudia mara ya pili baada ya kuondoka, ikawa sawa tena.

Walikodi gari wakaenda ofisini Embu. Injinia alinipigia simu baada ya siku chache. Alisema amejitahidi, lakini wananchi walipiga kura, na mapatano yetu yalikuwa ya mdomo, kwenye nyama. Nilimwambia mapatano yote niliyowahi kufanya maishani yalikuwa ya mdomo. Akasema anajua, na kwamba anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Vigingi vilirudi vilipokuwa, na safari hii wakaja na tingatinga.

Lami ilipokauka ilikuwa nyeusi na nzuri sana, mtu ungetamani kulala juu yake. Leni tatu mbele ya soko, bila kisiwa, na kwenye ukingo wa upande wetu wakaweka reli ya chuma kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho, gari lisipate pa kuingilia. Kina mama walipoiona ile reli walifikiri ni ya muda. Mabasi ya kupanda yalipewa nafasi ya kuyapita malori, nayo yakaitumia kana kwamba yamekuwa yakiingojea tangu kuumbwa. Pikapu za miraa zinazoshuka, zikiona leni ya katikati iko wazi, ziliazima kidogo na kurudisha. Miavuli ilipinduka. Rojo la maparachichi yaliyopondeka likawa kitu cha kawaida. Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti alihamisha nduma zake kwenye kituo cha juu, kule zamu inakobadilika, kwenye kisiwa na mwendo mdogo. Hakuniaga. Tukikutana tunaulizana hali ya watoto, na hatujawahi kuitaja leni.

Mbele ya msikiti walichora mistari myeupe ya kuvukia. Hakuna dereva wa miraa anayesimama kwa ajili ya rangi.

Siku za kwanza nilikuwa nikitoka buchani kumvusha. Alikataa. Alisema mtu anayepelekwa kuswali kwa mkono hajui kama ameenda yeye au amepelekwa. Kwa hivyo nikawa namwangalia tu nikiwa mlangoni. Siku moja, wakati wa adhuhuri, alivuka leni ya kwanza vizuri, akafika kwenye mstari, basi likatokea likipita lori, na upande wa pili pikapu ikiwa inashuka. Alibaki amesimama pale katikati, kwenye upana wa rangi, miguu imebanwa pamoja, kanzu ikivutwa huku na kule kama nguo kwenye kamba. Nilikuwa na kisu mkononi na sikuweza kukishusha wala kukiinua. Yalipita. Akamaliza kuvuka, akaingia msikitini bila kugeuka. Aliporudi, saa nzima baadaye, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa bei ya mwisho.

Hapo baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kuomba apunguziwe kitu chochote dukani, alianza kupatana na barabara. Kwanza akaamua akishavuka kwa alasiri abaki huko hadi isha, ili apunguze kuvuka. Kisha akawa anaondoka alfajiri na kurudi isha, chakula cha mchana akiletewa. Safari kumi zikawa sita, zikawa mbili. Barabara haikupunguza chochote upande wake. Mimi nilijua mapatano yale yanaelekea wapi, kwa sababu nimeyaona mara nyingi: mmoja anashuka na kushuka, mwingine ananyamaza tu.

Dada yangu anayekaa Majimbo, mjini Embu, alisema waje kwake wote wawili, ana chumba, na njia ya kwenda msikitini ni nyepesi. Baba alisema atafuata atakalosema mama. Mama akasema, kwa Kiswahili safi ili sote tusikie, kwamba yeye alihama mara moja, kutoka Kanja, na alihama kwa sababu ya mtu huyu. Hatahama tena kwa sababu ya lami. Ana ng'ombe, ana migomba, ana wajukuu watatu wanaorudi kutoka shule kila jioni na njaa. Nikamwambia baba aswali nyumbani kama alivyosema mwenyewe siku ile. Akanijibu kwamba siku ile alikuwa akizungumzia ukuta. Angeukubali ukuta kwa sababu ungekuwa umewaokoa watu. "Hii haijaniomba kitu," akasema. "Inanifukuza tu."

Nyuma ya msikiti kuna chumba kidogo ambapo huwekwa ubao wa kuoshea maiti, ndoo na jeneza la jumuiya. Alimwomba imamu apewe kona. Jeneza likasogezwa ukutani, kikawekwa kitanda.

Siku ya kuhama alibeba mkeka, blanketi, chupa ya chai na redio. Mama alisimama mlangoni.

"Unaniacha, mzee?"

"Sikuachi. Navuka tu."

"Na mtu akivuka akakaa huko, hiyo inaitwa nini?"

Baba alifikiri kwa makini, maana yeye hajibu swali ovyo. Akasema haina jina, haiko katika vitabu. Nilimbebea mkeka hadi ng'ambo. Safari ile alinikubali nimshike mkono.

Tangu hapo wazazi wangu wameachana bila talaka. Chakula cha mama huenda kwa bodaboda, na bodaboda, kwa sababu ya ile reli, hulazimika kupanda hadi kituo cha juu ndipo igeuke na kushuka. Ugali unaoweza kuuona kwa macho kutoka mlangoni mwetu hufika umepoa. Mama alijaribu kwenda mara moja, amekaa kwa upande kwenye pikipiki, akashuka, akaapa hatapanda tena, akasema kwamba kama ni kuonana, wataonana Idi. Asubuhi hutoa kiti chake kando ya bucha, baba naye hutoa chake kando ya msikiti, na kati yao yanapita mabasi. Macho yao hayafiki umbali ule. Kila mmoja huniuliza mwenzake amevaa nini.

Injinia alipita mwaka huu, akasimamisha gari kituo cha juu akarudi kwa miguu. Aliagiza nyama. Aliuliza mambo yanaendaje, nikamwambia ukweli wote, maana tayari nilikuwa nimeshindwa na sikuwa na cha kulinda. Nikamwambia tangu barabara ifunguliwe ile kona haijatuletea mtu hata mmoja. Baba mwenyewe ameniambia, na nilimuuliza mara mbili. Ubao umekauka. Imepita Ramadhani nzima hajaitwa kwa ajili ya msafiri. Injinia akafurahi, kisha akauliza mzee yuko wapi. Nikamwonyesha ng'ambo. Akatazama muda mrefu, basi likapita, likapita lingine, akasema hamwoni. Nikamwambia angoje, ataonekana katikati ya magari.

Ijumaa iliyopita mama alikuwa amekaa buchani akichambua maharagwe, simu iko kwenye spika kwa sababu sikio lake moja limechoka. Walizungumza habari za ng'ombe, za goti, za mjukuu aliyeanguka hesabu. Kisha mama akamuuliza, kwa Kiembu, kwa upole ambao hautumii sana katika lugha ile, atarudi lini.

Tulisikia lori likipita, mara moja hapa na mara moja kwenye simu.

"Makaburi yetu yako upande wenu," baba akasema. "Siku hiyo watasimamisha magari yote, huku na huku, na mimi nitavuka polepole."

Mama alichukua punje moja mbovu, akaitupa. Akasema chakula kimeshatoka hapa kikiwa moto, kikimfikia kimepoa asianze kunung'unika. Akanipa simu nizime, kwa kuwa yeye hawezi, akaendelea kuchambua, na aliporudia ule ungo wa maharagwe kutoka mwanzo sikumwambia kwamba alikuwa ameshaumaliza.